Mayai ya kobe kwenye friji bovu: matundu mangapi, na feni ya kazi gani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi niko Usa River, nafanya kazi kwenye loji ndogo ambayo ina kibali cha kufuga kobe, tunao watano, wale wakubwa wa madoa. Mwezi wa tano jike mmoja alitaga jioni bustanini, kesho yake asubuhi kijana wa bustani akayafukua na jembe akidhani ni mawe, yakatoka mayai 12. Nikaogopa kuyarudisha maana pale mbwa wanapita. Nyumbani tulishawahi kutotolesha vifaranga vya kuku kwa friji bovu, basi nikafanya vilevile, friji dogo, balbu ya wati 40 chini, themostati nimeweka 30, feni ya kompyuta inapuliza kwenye trei ya mayai, na sahani ya maji. Wiki ya kwanza nilikuwa nayageuza asubuhi na jioni alafu mtu akaniambia niache, nikaacha. Fundi akasema yanakosa hewa, nikatoboa matundu sita ya kuingia kidole gumba. Sasa ni mwezi wa saba, unyevu unasoma 42 mpaka 45, sahani inakauka kila siku, nikawa napulizia maji na ile chupa ya saluni. Mayai mawili yana ufa, moja limeota ukungu. Fundi anasema niongeze feni ya pili, mzee jirani anasema nizibe matundu yote mayai yakae kama ardhini. Nani yuko sahihi? Na kwani yai la kobe linapumua kiasi gani?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kueleza vizuri, maana wengi wananiandikia "mayai yangu hayatotoi nifanyeje" basi, hapo unabaki kubahatisha. Wewe umenipa picha nzima ya friji.

Nikujibu moja kwa moja kwanza alafu ndio tuelezane. Mzee jirani yuko karibu zaidi na ukweli kuliko fundi, ila na yeye hajafika. Fundi wako anajua kazi yake, tatizo anawaza kuku. Wasiwasi wako wewe ni kwamba mayai yanakosa pumzi humo ndani, ndio maana umetoboa, ukaweka feni, na sasa unaambiwa uongeze ya pili. Lakini vyote ulivyoniandikia, sahani kukauka kila siku, unyevu 42, vinaonyesha kwamba hayakosi pumzi hata kidogo. Yanakauka. Na kila unachofanya ili yapumue ndicho kinachoyakausha.

Tuanze na hilo la kupumua maana ndio mzizi wa yote. Yai la kuku la gramu 60 hivi, kutoka siku ya kwanza mpaka kifaranga anatoka siku ya 21, linatumia oksijeni lita 6 kwa makadirio. Yai la kobe wetu ni dogo kuliko hilo na linakwenda polepole sana, kwa joto lako hilo la 30 tegemea miezi minne, mitano, mengine yanazidi hapo. Sasa tufanye makusudi tukosee kwa upande wa usalama, tuseme kila yai la kobe linakula oksijeni sawasawa na la kuku. Mayai 12 mara lita 6 ni lita 72, zigawanye kwa siku 150, unapata nusu lita kwa siku kwa mayai yote kwa pamoja. Friji dogo la lita 90 lina oksijeni kama lita 19 muda huohuo ukifunga mlango. Yaani hata ungeziba kila tundu kwa silikoni ukawa unafungua mlango mara moja kwa wiki, ungekuta hewa bado iko vizuri tu. Na friji bovu lenyewe halizibi kihivyo, pale waya zinapoingilia na ile raba ya mlango iliyochoka hewa inapita.

Hii haimaanishi hewa haina maana. Mahitaji ya oksijeni hayako sawa kipindi chote, mwanzoni kiinitete ni kadoa tu hakili kitu, mwishoni mwishoni ndio anavuta kwelikweli, ile theluthi ya mwisho. Kwa hiyo mtu akiniambia anafungua kila wiki miezi ya mwanzo na kila baada ya siku moja au mbili wiki za mwisho, namwambia endelea hivyohivyo.

Watu wengi wanadhani hewa mpaka isukumwe ndio iingie kwenye yai, si kweli. Gamba lina vitundu vidogo sana usivyoviona kwa macho, oksijeni inapenya yenyewe kwa sababu nje ni nyingi na ndani imepungua, kabondioksidi inatoka kwa njia hiyohiyo, na mvuke wa maji nao unatoka palepale. Mlango ni mmoja kwa vyote vitatu. Huwezi kuongeza upepo ukasema unaongeza oksijeni peke yake, ukipuliza gamba unachoondoa ni ule mvuke mwepesi uliotulia juu ya yai, alafu yai linatoa mwingine, nao unaupuliza, mchana na usiku, wiki sita. Ni kama nguo kwenye kamba, siku ya upepo inakauka haraka hata kama jua hamna.

Na hapohapo niseme kuhusu chupa ya saluni. Acha leo. Oksijeni inapenya kwenye maji polepole mno, kama mara elfu kumi polepole kuliko inavyopenya kwenye hewa. Kwa hiyo tone la maji lililokaa juu ya gamba ndilo linaloziba pumzi ya yai kweli, tena kuliko mlango uliofungwa. Aisee yaani ulikuwa unatoboa friji ili yapumue alafu unayafunika na maji. Pia lile yai limeshakauka, unalilowesha ghafla na maji ya baridi, gamba gumu halipendi hivyo vitu, nitarudi kwenye nyufa.

Kuna na hii ya kwamba kabondioksidi ni nzito inatuama chini kwahiyo matundu yawe chini kabisa. Kwenye kisima au shimo la choo hilo ni la kuogopa kweli. Kwenye friji lenye balbu chini, hewa inapanda na kushuka muda wote, inachanganyika. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Sasa kwanini unyevu wako haupandi hata ukijaza sahani. Hapa naomba usome taratibu. Hewa ya baridi inabeba maji kidogo, hewa ya moto inabeba mengi. Asubuhi ya mwezi wa saba huko Usa River, ukungu umeshuka, nyuzi 14, hewa imejaa maji asilimia mia, unaona kabisa majani yamelowa. Ikiingia kwenye matundu yako ikapashwa mpaka nyuzi 30, maji yake ni yaleyale ila uwezo wake wa kubeba umeongezeka zaidi ya mara mbili, kwahiyo kipimo kinasoma kama asilimia 40. Umeona? Ile 42 yako ni hewa ya nje iliyopashwa tu, sahani ya maji haina kazi yoyote humo, inashindana na baridi yote ya Mlima Meru. Matundu sita ya kidole gumba pamoja na feni inayosukuma, friji linabadilisha hewa yote mara nyingi kwa siku, na kila hewa mpya inaingia na kiu. Alafu balbu inabidi iwake karibu muda wote kupasha hiyo baridi. Ukiongeza feni ya pili utaona unyevu uleule, labda ukipungua moja mbili, na sahani itakauka saa sita mchana badala ya jioni.

Kuna na la mwinuko, watu huwa hawalifikirii. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, nyie Usa River mko chini kidogo ya hapo, Moshi chini zaidi. Kwa mita 1,400 shinikizo la hewa ni pungufu kama asilimia 15 kulinganisha na Tanga au Dar. Mtu anasikia hivyo anasema basi oksijeni haitoshi, toboa! Lakini hewa ikiwa nyepesi gesi zinapenya kwa haraka zaidi kwenye vile vitundu vya gamba, hivyo sehemu kubwa ya upungufu inajifidia yenyewe, isipokuwa mvuke nao unatoka haraka zaidi. Yai lilelile likiwa huku kwetu linapoteza maji mengi kuliko likiwa pwani. Maelekezo mengi unayoyaona mtandaoni yameandikwa na watu wa usawa wa bahari, wenye nyumba zenye hita, kwahiyo ukiyafuata kwa kila kitu unaongeza ukavu juu ya ukavu.

Basi feni ni ya nini? Ina kazi moja ya halali, kusawazisha joto. Kwenye friji lililosimama lenye balbu moja, juu na chini panaweza kutofautiana nyuzi kadhaa, themostati inasoma 30 pale ilipo lakini trei ya juu iko 33. Kuku hilo ni tatizo kubwa sana kwa sababu joto lake la 37 na nusu halitaki mchezo, na mayai ni mengi yanatoa joto lao wenyewe mwishoni, ndio maana mashine za kuku zina feni na matundu na fundi yuko sahihi kabisa kwa kuku. Kobe ana uvumilivu mkubwa zaidi. Na una mayai 12 tu, yote yanakaa usawa mmoja, kwahiyo hata bila feni unaweza ukaenda ukijua usawa ule una nyuzi ngapi.

Mimi binafsi feni ningeiacha ila ningeipunguza nguvu na kuigeuza. Feni ya kompyuta ya volti 12, ukiiunganisha kwenye chaja ya simu ya volti 5, nyingi zinazunguka polepole, unasikia kama kunong'ona. Iangalie inaanza yenyewe ukizima na kuwasha, nyingine zinagoma kuanza na volti 5 mpaka uzisukume, hiyo usiitumie maana umeme ukikatika na kurudi itabaki imelala. Ielekeze ukutani nyuma ya balbu, isiwe na njia ya kupuliza mayai moja kwa moja.

Alafu sasa ndio tiba yenyewe, na ndio inayomaliza ugomvi wa fundi na jirani: tenganisha hewa ya friji na hewa ya mayai. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, lile la kuhifadhia chakula, la lita tano au zaidi. Ndani weka vermikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika maji ya kuoteshea miche, kama utaipata, huku Arusha kwenye mashamba ya maua na watu wa vitalu vya miche huwa ipo, changanya na maji kwa uzito sawa au maji yapungue kidogo, kama ni gramu 300 za vermikulaiti basi maji gramu 250 mpaka 300, pima kwenye mzani wa jikoni usikadirie kwa kikombe. Ukikosa, mchanga wa mto uliooshwa ukakaangwa kwenye sufuria kuukuu mpaka ukawa moto kabisa, ukapoa, alafu uloweshe kidogo sana, ukiufinya kwenye kiganja ushikane lakini tone lisitoke, na ukiugusa ujibomoe. Kina cha vidole vinne. Chimba vishimo kwa kidole gumba, yai likae nusu ndani nusu nje, yasigusane, ili likioza moja lisiambukize la pili. Mfuniko utoboe matundu manne kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, milimita tatu hivi, mawili upande huu mawili ule. Basi. Najua yanaonekana machache, lakini kwa mayai 12 oksijeni inayopenya hapo pamoja na ile ya kufungua mfuniko inatosha, na maji yanayotoka ni kidogo sana.

Ili mvuke usidondoke toka kwenye mfuniko, inua kontena upande mmoja kwa kipande cha mbao, matone yateremke kwenye ukuta yarudi kwenye mchanga. Ukiona matone yananing'inia juu ya yai, futa mfuniko kwa kitambaa kikavu.

Yale matundu sita ya friji, ziba matano kwa silikoni au hata gundi ya karatasi ile ya kufungia maboksi, moja libakie dogo la kupitisha waya. Chini ya friji panga chupa nne tano za maji za lita moja na nusu, zimejaa, zimefungwa. Hizo ni akiba ya joto. Umeme ukikatika usiku wa mwezi wa saba, zile chupa zinashusha joto polepole badala ya kuporomoka. Na umeme ukikatika usihangaike kuweka jiko la mkaa karibu, mtu alishawahi kuniuliza hilo nikashtuka. Joto likishuka mpaka 20 kwa masaa kadhaa kiinitete kinapunguza kasi tu, ardhini kwenyewe usiku huwa panashuka. Kinachoua ni kupanda, ukivuka 34, 35 kwa muda unaweza ukapoteza mayai yote. Kwahiyo ukikosea, kosea upande wa baridi.

Kila Jumapili pima kontena zima kwenye mzani na uandike pembeni kwa kalamu. Limepungua gramu 10? Ongeza maji gramu 10, ya uvuguvugu, kwenye mchanga pembeni, usimwagie mayai. Halijapungua? Usiongeze kitu. Hapo hata kipima unyevu unaweza usikiangalie, ila ukikiangalia ndani ya kontena kiwe 70 mpaka 80, zaidi ya hapo kwa yai la gamba gumu ni mengi.

Na hivi vipima unyevu vya bei rahisi visikudanganye. Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi ya mezani, tia matone ya maji iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, acha usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 ujue kinapunguza 7, utakuwa unajumlisha kichwani. Joto nalo, usilinganishe na themometa ya homa, ile ya zebaki inaanzia 35, haiwezi kukuambia kitu kuhusu 30. Kebo ya themostati iwe ndani ya kontena, ncha yake usawa wa mayai, isiwe imening'inia karibu na balbu. Na kama themostati yako ni ile bodi ndogo yenye namba nyekundu inayouzwa kila duka la elektroniki, angalia tofauti ya kuwaka na kuzima, nyingi zinakuja zimewekwa nyuzi 2, ishushe iwe nusu.

Sasa niseme lile ambalo hujaniuliza ila limo kwenye barua yako. Kugeuza.

Yai la kuku lina zile kamba nyeupe za ute zinazoshika kiini katikati, na lisipogeuzwa kiinitete kinanata kwenye utando. La kobe halina hizo kamba. Ndani ya siku moja au mbili baada ya kutagwa kiinitete kinapanda juu na kujishikiza palepale juu kwenye utando wa gamba, na hapo ndipo pa kuishi kwake, unaona hata gamba linaanza kuwa jeupe sehemu hiyo kama lina chaki. Ukigeuza baada ya hapo, kiini kizito kinakuja juu yake, kinaweza kumkandamiza au kuchana mishipa. Ule mfukuo wa jembe haunisumbui sana, ilikuwa kesho yake asubuhi, mapema bado. Kinachonisumbua ni ile wiki ya asubuhi na jioni. Kuna aina zinazovumilia na kuna mayai yenye bahati, lakini nakuambia mapema ili usije ukalaumu hewa, joto au mimi: inawezekana baadhi yalikufa wiki ile, na hakuna feni wala kontena la kuyarudisha. Kuanzia sasa weka alama ya penseli juu ya kila yai, X ndogo, na hiyo X iangalie dari mpaka mwisho. Ukihamisha kwenda kwenye kontena, kijiko cha supu kinasaidia, chota taratibu bila kulibingirisha.

Kujua yapi yapo hai, subiri usiku, zima taa, mulika kwa tochi kali ya simu upande wa pembeni bila kulinyanyua. Yai likiwa la njano lote linapitisha mwanga kama siku ya kwanza, hilo halikuwa na mbegu au lilikufa mapema sana. Ukiona mishipa myekundu, au nusu moja ni nyeusi na mpaka wake hausogei, tulia, kuna mtu humo. Gamba la kobe ni nene kwahiyo usikate tamaa ukiona giza tupu. Mwamuzi wa mwisho ni pua, lililooza linanuka salfa na linatokwa jasho, hilo litoe haraka nje ya chumba kabisa, huwa yanapasuka, na harufu yake wageni wa loji watahama.

Yale mawili yenye ufa usiyatupe. Sijui kama ni jembe au ni kukauka na kuloweshwa ghafla, yote yanawezekana, na kwa matibabu haina tofauti. Ufa mwembamba ambao utando wa ndani haujachanika na hakuna kinachovuja, yai linaweza likatotoa kama kawaida. Liache, usipake rangi ya kucha wala gundi kote, unaziba vilevile vitundu tunavyovihangaikia. La ukungu, lifute kavu kwa pamba, lisogeze kona ya peke yake. Ukungu kwa kawaida unakula yai lililokufa, mara chache sana unaua lililo hai, kwahiyo usianze kumwaga dawa humo.

Utaniuliza kama si bora kuyarudisha ardhini tu kama mzee jirani anavyotaka. Ningekuambia ndio kama ungeniuliza siku ile ya jembe. Huku kwetu kobe wamekuwa wakitaga kwenye udongo huuhuu bila sisi, yanakaa miezi mingi, mwaka na zaidi wakati mwingine, na watoto wanasubiri mvua ilainishe udongo ndio wanachomoza. Shida ni kwamba sasa hivi ni baridi, mayai yamezoea 30, na kuyahamisha ni kuyatikisa tena. Yaliyopo yamalizie kwenye friji. Ila jike akitaga tena, acha palepale, zungushia wavu wa kuku uliozikwa pembeni na kufunikwa juu, mbwa wasifike, weka kibao kijana wa bustani akione. Ni rahisi kuliko haya yote, na kwa kweli nikiwa na chaguo mimi inkubeta, yaani mashine ya kutotolesha kama friji lako, naiweka kwa ajili ya mayai yaliyo hatarini tu.

Kitu kimoja kidogo kuhusu 30 yako. Kwa kobe, joto la katikati ya kipindi ndilo linaloamua jinsia, la chini linatoa madume zaidi, la juu majike zaidi. Pale ulipo ni katikati, pazuri, usianze kupandisha ili upate majike.

Kama mambo yakienda, kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi anza kufungua mfuniko kila baada ya siku mbili, upepee mara moja mbili kwa mkono, ufunge. Hapo ndipo wanapohitaji hewa kweli. Na yasipototoa mwezi wa kumi usiyavunje kuangalia, mayai ya hawa kobe yana tabia ya kusimama katikati na kuendelea baadaye, maadamu hayanuki yaache. Mtoto akishatoboa gamba anaweza akakaa humo siku mbili tatu amechungulia tu, anamalizia kunyonya kiini kilichobaki, usimsaidie kumenya. Akizidi siku tatu nne bila kusogea, au akatoka na kifuko cha kiini kikubwa kimetokeza tumboni au kimepasuka, hapo mambo ya kuandikiana yamekwisha, muweke kwenye karatasi laini yenye unyevu ndani ya kontena safi, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Piga simu kwanza umuulize kama ameshawahi kushika kobe maana wengi kazi yao ni ng'ombe na mbwa. Ukikosa kabisa, Arusha mna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, pale Njiro na upande wa Moshi kuna chuo cha wanyamapori Mweka, uliza hapo wakuelekeze mtu wa watambaazi.

Na mwenye loji mkumbushe, kibali mlichonacho ni cha kobe watano. Watoto wakitoka ni wanyamapori kwa Sheria namba 5 ya 2009, lazima waliowapa kibali wajulishwe na idadi iandikwe, hata akitoka mmoja, na hakuna kumpa mgeni zawadi aondoke naye. Unaponiandikia tena niambie uzito wa kontena wa Jumapili tatu za mwanzo na tochi imeonyesha nini kwenye kila yai, tutajua yamebaki mangapi.